Maabara ya karibu na stendi Mtwara: majibu fasta, ila karatasi yao nusura ituue kwa presha

Nyota tatu na nusu, hiyo nusu ni ya yule dada wa dirisha la majibu. Jina siliweki maana nina malalamiko nao, ila wa Mtwara mjini mnaozunguka na damu za wagonjwa mtakuwa mshaijua.

Mara ya kwanza nimeenda 2021 mwezi wa saba, kipindi kile cha changamoto ya upumuaji. Mjomba kalazwa yuko kwenye oksijeni, daktari anataka vipimo viwili vya damu, CRP na D-daima, na pale wodini havipimwi, basi mi na kijana mmoja ambae mzee wake yuko kitanda cha pili tukapanda bajaji moja na vichupa vyetu, chekundu na bluu, tumevishika kama mayai. Elfu 80 vyote viwili. Imeuma, ila hawakutuzungusha, dakika 50 majibu haya hapa. Mama mkubwa kanikuta pale kwenye benchi anauliza "mwanangu, daima gani hiyo?" Yule dada akamuelezea bila haraka, shikamoo mama, ni mabaki ya damu iliyoganda ikavunjika, corona inagandisha damu mpaka kwenye mapafu, CRP inatoka kwenye ini mwili ukiwa unawaka, kawaida ni chini ya 10.

Sasa karatasi. CRP 142, D-daima 640, basi. Hamna yuniti, hamna kiwango cha kawaida pembeni. Nikaperuzi kwenye simu nikakuta utafiti wa Wuhan wa 2020, wagonjwa 191, walioingia hospitali na D-daima zaidi ya 1 ndio waliokuwa hatarini kufa. Zaidi ya 1! Mjomba ana 640! Mama mkubwa akaanza kulia palepale, simu zikapigwa mpaka Newala, watu wakaanza kuulizana nauli.

Daktari kuiona akapiga simu maabara kuhakikisha halafu akacheka. Wale wa Wuhan wanahesabu kwa maikrogramu, hii ni nanogramu, elfu moja ndio maikrogramu moja, yaani 0.64, mwisho wa kawaida 0.5. Kwahiyo imepanda kidogo tu. Alichokuwa anakiogopa yeye ni ile 142 maana Uingereza kwenye majaribio CRP ikifika 75 na oksijeni kwenye damu iko chini ya asilimia 92 mgonjwa alikuwa anaingizwa kwenye kundi la kujaribiwa tosilizumabu, dawa ambayo sisi wala hatukuiona, mjomba alipewa deksamethasoni na sindano za damu isigande. Akasema CRP hata malaria inaipandisha, "namba inanambia nani nimuangalie usiku, hainambii nani anakufa".

Tukarudia kila baada ya siku mbili, 142, 90, 31. Mjomba yupo, anasumbua watu na korosho zake. Mzee wa kitanda cha pili CRP yake ilikuwa chini ya ya mjomba, na alifariki Alhamisi. Yule kijana sikujua nimwambie nini, bajaji nzima tulikuwa tunalinganisha namba.

Mwezi uliopita nimempeleka mwanangu pale, CRP imekuja na yuniti na kiwango cha kawaida pembeni, kumbe inawezekana. Bei imepanda, na feni ya pale kwenye benchi bado mbovu.