TAHADHARI: Fundi anayebeba pampu "zilizoungua" na kuuza dawa ya buluu kwa wenye matangi ya maji chumvi

Ndugu zangu mnaofuga samaki wa maji chumvi hapa Dar, someni hili kabla hamjamfungulia mtu geti. Kuna fundi anazunguka majumbani na kwenye migahawa yenye matangi, anajinadi kwamba anafanya sevisi ya vifaa vyote: pampu, skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu), hita, mpaka kipimo cha chumvi. Mimi ameniachia hasara ya pampu moja, kamba watatu na konokono wote niliokuwa nao. Jina siliandiki, maana hata hilo alilonipa siamini kama ni lake, na namba ya simu aliyopokelea pesa haipatikani tena.

Bei yake ya kuja ni ndogo sana, na hapo ndipo mtego ulipo. Akifika anatoa pampu ya kusukuma maji, anaichomeka mbele yako, nayo inavuma bila kuzunguka. Anakutazama kwa huruma, anasema, "Bosi, hii koili imeungua, lakini nina mpya kwenye begi." Nikampa 180,000. Ile ya zamani akaichukua, eti ataitoa spea.

Baada ya siku nne ile "mpya" ikaanza kukwaruza. Nikaifungua. Ndani, nyuma ya kifuniko cha impela (kile kipande kinachozunguka na kusukuma maji), kulikuwa na ukoko wa chokaa wa miezi mingi, na chini ya kikombe cha pampu kuna herufi mbili zilizochorwa kwa kitu chenye ncha. Ni pampu ya mtu mwingine, imeoshwa kwa asidi kali upande wa nje mpaka plastiki imepauka. Yaani anachukua yako anamuuzia jirani, anachukua ya jirani anakuuzia wewe.

Na yangu haikuwa imeungua. Pampu iliyoungua koili mara nyingi hukaa kimya kabisa au huangusha swichi. Inayovuma bila kuzunguka kwa kawaida imekwama tu. Maji ya bahari yana kalisi nyingi, kama miligramu 400 katika kila lita, na pampu ikipata joto kalisi hiyo inaganda kuwa chokaa kwenye impela na kwenye ule mhimili mwembamba wa katikati. Dawa yake iko jikoni kwako. Chomoa umeme kwanza, toa impela, loweka vyote kwenye siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, kwa saa moja au mbili. Ukoko ukiwa mnene acha mpaka asubuhi. Sugua kwa mswaki wa zamani, suuza vizuri, rudisha. Ukifanya hivyo kila baada ya miezi mitatu, huyu mtu hana cha kukuambia. Sabuni usiiguse kabisa. Na siki usiichanganye na jiki hata kidogo, kwa sababu inatoka hewa ya klorini, nayo inaumiza mapafu.

Sasa dawa ya buluu, ambayo ndiyo inayoniuma zaidi.

Aliona mwani umeshika kioo cha nyuma na mabomba ya skima. Akatoa chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa karatasi, ndani kimiminika cha buluu kizuri cha kuvutia, akasema ni dawa kutoka nje, vifuniko viwili tu na mwani unakwisha. Mimi nikakubali, na hilo ninalijutia mpaka leo. Asubuhi kamba wote watatu walikuwa wamelala ubavu, konokono wamedondoka kutoka kwenye kioo, matumbawe laini yamejikunja. Samaki walikuwa wazima. Kwa anayejua, hiyo pekee ni jibu: shaba. Kiwango cha shaba ambacho samaki wanakistahimili kinaua kamba na konokono.

Nikachukua msumari wa chuma, nikausugua kwa msasa mpaka uking'aa, nikautumbukiza kwenye masalia ya ile chupa. Dakika chache ukavaa koti jekundu la shaba. Ni mrututu, ule ule ambao wakulima wanapulizia kuzuia ukungu shambani, umeyeyushwa kwenye maji. Nimebadilisha robo ya maji mara tano sasa, lakini shaba inanasa kwenye mawe na mchanga wa chokaa, kisha inarudi majini polepole. Sijathubutu kuweka kamba mwingine.

Ana ujanja wa tatu, mdogo kidogo. Anapima chumvi kwa rifraktomita yake (kifaa cha kupima chumvi kwa tone la maji), anakuonyesha 1.019, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu, anadai chumvi imepungua, anakuuzia mfuko wa chumvi. Ni rahisi kumwamini, hasa wakati wa masika kwa sisi tunaochota maji baharini, maana karibu na midomo ya mito chumvi hupungua kweli. Mwambie aweke kwanza tone la maji ya kipimo ya 35, yaani maji maalumu ya kurekebishia kifaa, yenye gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Kifaa kizima kitasoma 1.026. Chake kikisoma chini ya hapo, hakijarekebishwa, na chumvi yako huenda haina tatizo lolote. Kwangu nilipopima mwenyewe ilikuwa sawasawa.

Mliokwisha kuuziwa chupa hiyo, msiitie tangini, na msiimwage kwenye mtaro unaoelekea baharini. Pimeni kwa msumari, kisha ihifadhini iwe ushahidi pamoja na ujumbe wa muamala. Akija kwako, mkatalie kuondoka na kifaa chochote, hata akisema anakwenda kukitengeneza karakana na kukirudisha jioni.

Pampu yangu ina alama ya rangi nyekundu ya kucha kwenye waya, kama vidole vinne kutoka kwenye plagi. Mke wangu aliiweka tulipokuwa tunatofautisha nyaya. Ukiwa umeuziwa hiyo, nijulishe tulinganishe tarehe. Na hii iliyoko kwangu, mwenyewe akinitajia herufi mbili zilizo chini ya kikombe, aje aichukue. Nimeshailoweka kwenye siki, inazunguka vizuri.