Ndimu ya unga na madoa ya rangi ya kutu kwenye sabuni: uzoefu wangu

Nimeitumia asidi ya sitriki, ile ile ndimu ya unga ya jikoni, kwenye sabuni zangu za kuchanganya bila kupika kwa muda wa kutosha kuweza kuisifu na kuilaumu. Niliinunua kwa kazi moja tu: vile vidoa vya rangi ya chungwa vinavyoibuka kwenye mche wiki kadhaa baada ya kutoka kwenye kalibu ukiwa mweupe pee.

Kwanza hakikisha doa ulilonalo ndilo lenyewe, maana wengi huinunua kwa shida isiyoihusu. Mche mzima ukigeuka kahawia huku harufu yake ikiwa nzuri vilevile, hiyo ni vanila iliyo kwenye manukato. Unga mweupe unaofutika juu ya sabuni ni magadi, yaani kostiki (ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) iliyokutana na kabonidioksaidi ya hewani. Maua makavu ya lavenda nayo huacha duara la kahawia kuzunguka kila ua. Doa lenyewe, lile la mafuta yaliyoharibika, huanza na ukubwa wa kichwa cha pini, mara nyingine likiwa na kaunyevu ukiligusa. Likate kwa kisu: rangi inazama ndani, imekolea juu na kufifia kadiri unavyoshuka. Kisha linuse. Harufu ya mafuta ya kale haijifichi.

Chanzo chake ni mafuta ambayo hayakugeuka kuwa sabuni. Tunayaacha makusudi, kwa kawaida asilimia 5 hivi, ili ngozi isikauke, na oksijeni huyashambulia hayo. Mafuta yenye asidi ya linoleiki nyingi, kama alizeti ya kawaida, soya na mbegu za zabibu, huharibika mapema. Ya nazi huvumilia sana. Chuma na shaba huharakisha mambo, hata zikiwa chembe chache tu kwenye maji ya bomba. Ndimu ikikutana na kostiki hugeuka kuwa sodiamu sitreti, na sitreti hiyo huzikamata chembe za madini zisiendelee kuchokoza mafuta.

Kipimo changu ni gramu 10 za ndimu kwa kila kilo 1 ya mafuta. Naiyeyusha kwenye maji kwanza, ndipo kostiki inafuata kidogo kidogo, glavu na miwani vikiwa mahali pake, maana mchanganyiko huo hupanda joto haraka. Hapa hesabu ni lazima: gramu 10 hizo hula takriban gramu 6.2 za kostiki, kwa hiyo kiasi hicho unakiongeza juu ya kostiki uliyoihesabu kwa ajili ya mafuta. Usipokiongeza, mafuta ya ziada yatakuwa mengi kuliko ulivyopanga, na hayo ndiyo chakula cha madoa.

Na hapo ndipo lawama yangu kwa muuzaji. Pakiti haisemi kama ndimu hiyo ni kavu kabisa au ni ile yenye maji ndani ya chembechembe zake. Ya pili hula gramu 5.7 hivi badala ya 6.2. Tofauti ni ndogo, sikatai, lakini anayeuzia watengeneza sabuni alipaswa kuiandika. Pia pakiti haijifungi vizuri ikishafunguliwa, na unga ukavuta unyevu na kuganda mabonge. Sasa naiweka kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza.

Matokeo? Nilimimina sabuni mbili kutoka dumu moja la mafuta, moja ikiwa na ndimu na nyingine bila, zikakomaa pamoja. Ile isiyo na ndimu ilianza kutoa vidoa wakati mwenzake bado safi, na ikazidi kuachwa nyuma. Faida ambayo sikuitegemea ni kwamba kwenye maji magumu ule utando wa kijivu unaoganda kwenye beseni umepungua waziwazi.

Ila haifanyi miujiza. Alizeti iliyokaa wazi muda mrefu ilitoa madoa hata nilipotia ndimu, kwa sababu hapo mafuta yalishaanza kuharibika kabla ya kuingia chunguni. Kwa hilo kinachofaa ni dondoo ya rozimari, unayoitia kwenye mafuta yakiwa bado mapya. Nikiwa na zote mbili ndipo nalala usingizi. Wala haizuii chuma kinachogusa sabuni kutoka nje. Kuna miche iliyoota madoa upande wa chini tu, yamejipanga mstari mstari pale ilipolalia waya za chanja. Juu hapakuwa na hata kimoja. Chanja ya plastiki ilimaliza habari hiyo, si unga.

Naipa nyota nne. Ya tano imebaki kwa muuzaji na pakiti yake.

Miche iliyokwisha kupata madoa haiokolewi kwa ndimu. Mimi hukwangua doa na kuitumia kufulia matambara, siigawi wala siiuzi, na kamwe siiyeyushi pamoja na sabuni mpya, kwani mafuta yaliyoharibika huendeleza uharibifu kwenye yale mazima.