Kupiga kambi Yuma, Arizona: wapi pa kuegesha RV, kuanzia pazuri zaidi

Yuma iko kwenye kona ya kusini-magharibi ya Arizona. Ng'ambo ya Mto Colorado ni California, na ukishuka kidogo unafika kwenye mpaka wa Mexico. Kwa sisi tunaoishi Phoenix au San Diego ni mwendo wa saa tatu hivi, na Tucson ni zaidi kidogo. Watu wengi huenda kufuata jua la majira ya baridi na madaktari wa meno wa Los Algodones, mji wa Mexico ulio pale mpakani, na siku hizi naona familia nyingi zaidi za kwetu zikikodi RV, yaani gari lenye nyumba ndani, au zikifunga mahema juu ya gari na kuondoka na watoto.

Tatizo ni kwamba sehemu za kulala ziko nyingi mno, na picha za mtandaoni zote zinaonyesha machweo mazuri. Picha haikuambii unachohitaji kujua. Jangwani swali la kwanza ni hili: maji safi utayachota wapi, na maji taka utayamwaga wapi? Nimezipanga kambi hizi kwa kufuata swali hilo kwanza, halafu bei, halafu starehe.

Kabla ya yote, angalia kalenda. Desemba na Januari mchana wa Yuma hufika kama nyuzi 20 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 8 au chini yake, kwa hiyo blanketi za watoto zisisahaulike. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Julai joto hupita 41 kwa siku nyingi mfululizo. Novemba hadi Machi unaweza kulala popote kati ya sehemu hizi. Juni hadi Septemba usilale mahali pasipo umeme wa kuendesha kiyoyozi usiku kucha, hasa ukiwa na mtoto mchanga au mzee.

Ya kwanza: Imperial Dam, eneo la kukaa muda mrefu

Hili ni eneo la BLM, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma. Liko kaskazini mwa Yuma, upande wa California, karibu na bwawa la Imperial linalogawa maji ya Mto Colorado kwenye mifereji ya mashamba. Kwa kifupi huitwa LTVA, yaani Long-Term Visitor Area. Msimu wake huanza tarehe 15 Septemba na kuisha tarehe 15 Aprili. Kwa miaka mingi ada imekuwa dola 180 kwa msimu mzima, au dola 40 kwa siku 14 mfululizo. Hakikisha bei ya msimu huu kabla ya kuondoka, lakini piga hesabu: dola 180 kwa miezi saba haifiki hata dola moja kwa siku.

Ukishalipa unapewa stika ya kubandika kwenye kioo, unachagua mahali pako na unakaa. Hakuna namba za viwanja wala mistari. Sheria inataka pawe na angalau futi 15 kati yako na jirani, lakini jangwa ni pana na wengi huacha nafasi kubwa zaidi. Jenereta huzimwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wanakaribishwa kama mtu mwingine yeyote.

Nimeiweka ya kwanza kwa sababu ya maji. Ndani ya eneo kuna mahali pa kujaza maji safi, kituo cha kumwaga maji taka na mapipa ya taka, vyote vikiwa ndani ya ada uliyokwisha lipa. Kwa anayekwenda mara ya kwanza nieleze inavyofanyika, kwa sababu hapo ndipo wageni hubabaika. Vaa glavu. Unganisha mpira mnene wa maji taka kwenye gari kwanza, kisha chomeka upande wa pili kwenye tundu la chini na uukandamize kwa jiwe au kwa mguu. Fungua tangi la choo kwanza, liishe kabisa. Ndipo ufungue la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, kwa sababu maji hayo ya sabuni ndiyo yanayousafisha mpira. Bomba lililo pale pale kwenye tundu ni la kusuuzia tu. Usijazie tangi lako la kunywa hapo hata kama foleni ya bomba safi ni ndefu. Mpira wa maji safi uwe wako, wa rangi tofauti, na ukae kwenye sanduku lake peke yake.

Sasa masharti. RV yako lazima iwe na tangi la maji taka lililofungwa kwenye gari, lisilopungua galoni 10. Mwenye hema hawezi kulala popote apendapo: anatakiwa awe ndani ya futi 500 kutoka kwenye choo, na hapa hiyo ina maana ya South Mesa, sehemu yenye vyoo na mabafu ya nje. Umeme hakuna. Familia ya watu watano yenye tangi la galoni 40, yaani lita 150 hivi, itaona maji yakipungua haraka kuliko ilivyodhani, na tangi la maji ya sabuni ndilo hujaa kwanza. Osheni vyombo kwenye beseni kama nyumbani.

Jambo jingine ni saa. Arizona haibadilishi saa zake, California hubadilisha. Wakati wa baridi ukivuka kwenda kambini unarudi nyuma saa moja, na simu yako inaweza kurukaruka kati ya minara ya pande mbili. Ukiwa na miadi ya daktari mjini, weka saa ya mkono kwa saa za Yuma. Jirani yako pale ni Yuma Proving Ground, kituo cha majaribio cha jeshi, kwa hiyo mishindo ya mbali na miamvuli ya parachuti angani ni mambo ya kawaida. Waambieni watoto mapema wasishtuke.

Ya pili: maegesho ya kulipia yanayopokea watoto

Kama unaenda siku nne tu, au RV ni ya kukodi na hujazoea matangi, au ni kiangazi, hii ndiyo ya kwanza kwako. Unapata huduma kamili: soketi ya umeme, bomba la maji na tundu la maji taka mlangoni pako, pamoja na mashine za kufulia na mara nyingi bwawa la kuogelea.

Yuma na kitongoji chake cha Foothills vimejaa maegesho ya namna hii, lakini mengi ni ya watu wa miaka 55 na kuendelea. Sheria ya Marekani ya mwaka 1995 inayaruhusu, mradi angalau asilimia 80 ya makazi yake yawe na mtu wa umri huo. Hawakukatai wewe kama wewe. Wengi hupokea wajukuu kwa siku chache tu, na mzazi wa miaka 35 mwenye watoto watatu hapati nafasi. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu liwe umri, kabla hujauliza bei. Na kama ni wewe na mwenzio, mmestaafu, watoto wameshaondoka nyumbani, basi badilisheni mpangilio huu: hayo ya miaka 55 ni tulivu, salama na yana watu wa kuzungumza nao, na mimi kwenu ningeyaweka juu ya yote.

Swali la pili ni umeme. Je, soketi ni ya ampea 30 au 50? Ya 30 inatoa wati 3,600 tu. Kiyoyozi kimoja kinakula kama 1,500, ukiongeza birika la umeme na maikrowevu kwa pamoja swichi inakatika. RV kubwa yenye viyoyozi viwili inataka ya 50.

La tatu ni namna ya kulipa. Bei ya usiku mmoja, ukiizidisha kwa siku 30, huwa ni zaidi sana ya bei ya mwezi. Lakini anayelipa kwa mwezi mara nyingi husomewa mita ya umeme na kulipia juu yake, jambo ambalo halionekani kwenye tangazo. Uliza pia kama wanakataa magari yaliyozidi miaka 10, maana wapo wanaofanya hivyo, na kama eneo liko chini ya njia ya ndege. Uwanja wa ndege wa Yuma unatumiwa na kikosi cha Marines, na ndege zao za kivita zikiruka, mtoto aliyelala ataamka.

Kabila la Cocopah lina eneo lake la RV na uwanja wa gofu wa mashimo 18 kando ya mto. Ukiwapigia simu, nako anza na swali la umri.

Ya tatu: Senator Wash

Ni ziwa dogo la kutengenezwa lililo jirani na Imperial Dam, chini ya BLM pia. Ada imekuwa dola 15 kwa siku. Ukilala siku tatu umeshapita bei ya stika ya siku 14 ya Imperial Dam, kwa hiyo ni ya usiku mmoja au mbili, na ya wenye boti au ndoano. Maji ya ziwa hili hupandishwa na kuteremshwa kwa pampu kulingana na mahitaji ya mto, kwa hiyo usipige hema kwenye ukingo kwa kuona leo pamekauka.

Ya nne: Mittry Lake

Bure. Iko upande wa Arizona, kaskazini-mashariki mwa mji, ina matete, ndege wengi na samaki. Unaruhusiwa siku 10 tu kwa mwaka. Maji ya kunywa hakuna, kwa hiyo beba yote utakayotumia na uondoke na taka zako. Kwa hema na wikiendi moja inafaa sana. Jioni mbu ni wengi, hasa hewa ikitulia.

Ya tano: jangwa tupu

Ardhi nyingi ya BLM kuzunguka Yuma inaruhusu kulala bure hadi siku 14, kisha unahama. Kwa RV iliyojaa maji, yenye sola na dereva mzoefu, ni utulivu wa kipekee. Kwa mgeni sishauri. Usiegeshe kwenye korongo kavu hata kama mchanga wake ni laini na umenyooka: mvua ikinyesha milimani mbali usikoiona, maji hufika hapo kwa kasi. Na usitoke kwenye njia iliyokwisha kanyagwa, maana gari zito likizama kwenye mchanga, gharama ya kulivuta itameza akiba yote uliyoipata kwa kulala bure.

Ya mwisho: vilima vya mchanga

Imperial Sand Dunes, magharibi mwa mji kando ya barabara kuu ya I-8, pana sura ya kupendeza na picha zake ndizo zinazovuta watu. Lakini kuanzia Oktoba hadi katikati ya Aprili ni uwanja wa pikipiki na magari ya mchangani, yanayonguruma hadi usiku, na sikukuu ya Thanksgiving hufurika kabisa. Unahitaji kibali cha kulipia, na vibali vya wiki hununuliwa kwa bei nafuu zaidi kabla ya kufika. Kama hukuja kuendesha, pita mchana, watoto wateleze mchangani, mpige picha, mwende kulala kwingine.

Karatasi zako

Hapa ndipo mwongozo ulioandikwa kwa wengine hautusaidii. Yuma ni mji wa mpakani, na hata usipovuka utakutana na vizuizi vya Border Patrol, askari wa mpaka, kwenye I-8 na kwenye barabara ya 95 kuelekea kaskazini. Mwenye green card aliyetimiza miaka 18 anatakiwa na sheria kuwa nayo mwilini, na nakala iliyoko kwenye simu haitoshi. Mkimbizi abebe I-94 yake halisi, ile hati ya kuingia nchini. Weka zote kwenye bahasha moja karibu na dereva, zisiwe chini ya godoro nyuma.

Kwenda Los Algodones, RV ibaki upande huu. Kabila la Quechan lina maegesho makubwa ya kulipia pale Andrade, penye lango la mpaka upande wa California, na kutoka hapo ni kutembea kwa miguu tu. Lango hufungwa saa nne usiku, na alasiri foleni ya kurudi huwa ndefu, kwa hiyo chukua miadi ya asubuhi. Mwenye green card halali hahitaji viza ya Mexico, ila abebe na pasipoti yake. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri, asivuke, hata kwa nusu saa, hata kama jino linauma kiasi gani: akitoka Marekani bila kibali cha awali, ombi lake huhesabiwa kuwa limeachwa. Mkimbizi ambaye hajapata green card naye asivuke bila hati yake ya kusafiria ya mkimbizi.

Siku ya kurudi nyumbani pitia Bard, ng'ambo ya mto, penye mashamba ya tende za Medjool. Ramadhani ikiwa imekaribia, nunua boksi zima, maana huko shambani tende huwa kubwa na laini kuliko zile za dukani. Na ukipanga safari ya Januari, piga simu kwenye maegesho ya kulipia tangu Oktoba. Mwezi huo wastaafu wa Kanada na wa majimbo ya baridi wameshajaa, na maonyesho ya RV ya Quartzsite, maili 80 kaskazini, huwaleta wengine. Imperial Dam utafika bila kuweka nafasi na bado utapata pa kuegesha. Ila fika mchana, uone ardhi unayoegeshea.