Kuhamia Dubai: upange au ununue? Njia nne, kuanzia inayofaa wengi

Mshahara wa Dubai huingia kila mwezi, lakini nyumba ya Dubai hupangishwa kwa mwaka. Wageni wengi kutoka Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam hukwama hapo hata kabla hawajafungua sanduku, kwa sababu wamebeba kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja kama walivyozoea nyumbani.

Mpangilio ulio hapa chini ni wa mtu anayekwenda na mkataba wa kazi, ambaye viza yake imeshikwa na mwajiri na hajui kama atakaa miaka miwili au kumi. Tunaweka kupanga kwa mwaka mbele, kisha kitanda au chumba cha muda, kisha kununua nyumba iliyokwisha kujengwa, na mkiani kabisa kununua kwenye ramani, yaani nyumba ambayo bado haijajengwa. Viwango vyote ni vya dirhamu. Dirhamu imefungwa kwenye dola, dola moja kwa 3.6725, hivyo anayetuma pesa kutoka nyumbani ajue kuwa shilingi ikishuka dhidi ya dola, kodi yake imepanda.

1. Kupanga kwa mwaka

Chukua nyumba ya chumba kimoja na sebule yenye kodi ya 70,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba atataka hundi za tarehe za mbele, mara nyingi nne, ingawa wapo wanaokubali sita au kumi na mbili. Kadiri hundi zinavyopungua ndivyo bei inavyolegea. Mwenye uwezo wa kulipa kwa hundi moja ana nguvu ya kujadiliana.

Siku ya kusaini kwa hundi nne unatoa 17,500 ya robo ya kwanza, amana ya asilimia 5 yaani 3,500 (asilimia 10 nyumba ikiwa na fenicha), na ya dalali asilimia 5 pamoja na VAT, yaani 3,675. Ongeza amana ya 2,000 kwa DEWA, shirika la umeme na maji, na ada ya kuunganishiwa. Kusajili mkataba kwenye mfumo wa Ejari ni dirhamu mia mbili na kitu. Jumla inakaribia 27,000, na bado hujanunua kitanda. Zaidi ya hapo, nyumba nyingi zisizo na fenicha hazina friji, jiko wala mashine ya kufulia. Ukiona picha ya jiko zuri kwenye tangazo, uliza kama linabaki.

Gharama mbili hujificha. Ya kwanza ni ada ya makazi ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka, ambayo hugawanywa kwa miezi 12 na kuingizwa kwenye bili ya DEWA. Kwa nyumba yetu ni kama 292 kila mwezi. Ya pili ni ubaridi. Majengo mengine yanapata hewa baridi kutoka mtambo wa mtaa mzima, na kampuni ya mtambo huo ina amana na bili zake, kando ya DEWA. Uliza swali moja kabla ya lolote: bili ya kipoza hewa anailipa nani? Mwezi wa Agosti jibu hilo ni pesa nyingi.

Bila Ejari huna nyumba mbele ya sheria. DEWA hawatakufungulia akaunti, na ukitaka kumleta mume, mke au watoto utaombwa mkataba uliosajiliwa, pamoja na mshahara usiopungua 4,000, au 3,000 na makazi ya mwajiri. Wote mnaoishi humo mnatakiwa kuandikishwa kwenye Dubai REST, programu ya simu ya Idara ya Ardhi. Dalali anayesema «Ejari tutafanya baadaye» aachwe hapo hapo.

Kinga ya mpangaji ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani, na ndiyo inayofanya njia hii iongoze. Mwenye nyumba akitaka kubadilisha kodi au sharti lolote lazima akuarifu siku 90 kabla ya mkataba kuisha. Hata hapo hapandishi atakavyo: amri namba 43 ya mwaka 2013 inasema kodi yako ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 10 au pungufu, haipandi kabisa, ikiwa chini kwa 11 hadi 20, inapanda kwa asilimia 5, na kadhalika hadi kikomo cha asilimia 20. Wastani huo unaangaliwa kwenye kikokotoo cha Idara ya Ardhi, si mdomoni mwa dalali. Kukutoa ili auze au aingie mwenyewe anahitaji notisi ya miezi 12, iliyopitia kwa notari au barua ya rejista. Ujumbe wa WhatsApp si notisi.

Yanayoharibika hapa ni mawili. Hundi kurudi: tangu 2022 hundi kukosa pesa kwa kawaida si kesi ya jela tena, lakini mwenye nyumba anaweza kwenda nayo moja kwa moja kwenye utekelezaji wa mahakama, na zuio la kusafiri linaweza kufuata. La pili ni kuvunja mkataba katikati. Sheria haikupi njia ya kujitoa, kwa hiyo kabla ya kusaini omba kiandikwe kifungu cha kutoka kwa notisi na adhabu inayojulikana, kwa mfano kodi ya miezi miwili. Kazi ikiisha mwezi wa tano, kifungu hicho kinaweza kukuokolea kodi ya miezi kadhaa.

Na hundi iandikwe jina lililo kwenye hati miliki, si jina la dalali. Matapeli huomba «amana ya kushikilia» kabla hujaingia mlangoni.

2. Kitanda au chumba kwa muda

Hii imekuwa ya pili ila kwa wengi ndiyo itakayotangulia, na sababu ni ya kibenki. Hundi zinataka akaunti, akaunti inataka kitambulisho cha Emirates, na kitambulisho kinasubiri viza ya ukazi. Wiki kadhaa zitapita, na lazima ulale mahali.

Bedspesi, yaani kitanda kimoja ndani ya chumba cha watu kadhaa, hulipiwa kwa mwezi na hupatikana Deira, Satwa, Al Nahda na karibu na vituo vya metro. Umeme, maji na intaneti kwa kawaida vimo ndani. Hatari yake ni kwamba anayekupangisha mara nyingi ni mpangaji tu, asiye na ruhusa ya kupangisha wengine. Vyumba vilivyogawanywa kwa mbao bila kibali ni kosa, na mwaka 2025 manispaa ilivisaka katika maeneo kama Al Rigga, Al Barsha na Satwa; anayeishi humo hutolewa kwa haraka na amana yake hupotea. Lipa mwezi mmoja tu kwa wakati na dai risiti. Usitoe amana kubwa, hata mwenyeji akiwa ndugu wa kwenu.

Sharjah ni jirani na kodi yake ni nafuu, lakini ukifanya kazi Dubai, barabara ya Al Ittihad asubuhi itakula tofauti hiyo kwa saa zako. Tunaipendekeza kwa anayefanya kazi upande huo tu.

3. Kununua nyumba iliyokamilika

Mgeni anaruhusiwa kununua kwenye maeneo yaliyotengwa, kama Dubai Marina, Jumeirah Village Circle (JVC) au International City. Benki Kuu inairuhusu benki kumkopesha mgeni hadi asilimia 80 ya nyumba ya kwanza isiyozidi milioni 5, kwa muda usiozidi miaka 25, na marejesho ya madeni yako yote yasipite nusu ya kipato.

Nyumba ya 1,000,000 inataka malipo ya awali ya 200,000. Halafu kuna ada ya Idara ya Ardhi ya asilimia 4, ambayo ni 40,000, dalali asilimia 2 na VAT, 21,000, ofisi ya uhamisho 4,200, usajili wa mkopo 2,290, hati 580, na ada za benki na tathmini zinazoweza kufika 11,000 hivi. Karibu 80,000 inatoka na hairudi, na tangu 2025 benki haziruhusiwi kuingiza ada ya Ardhi na ya dalali ndani ya mkopo. Unahitaji 280,000 taslimu.

Sasa linganisha. Tuseme riba ni asilimia 4.5: mwaka wa kwanza ni kama 36,000. Ada ya huduma ya jengo, tuseme 15 kwa futi ya mraba kwa futi 750, ni 11,250. Weka 4,000 za bima na matengenezo. Dhidi ya kodi ya 70,000 unaokoa chini ya 19,000 kwa mwaka. Ukiuza utamlipa tena dalali, na benki itatoza hadi asilimia 1 ya salio, isiyozidi 10,000, kwa kumaliza mkopo mapema. Bei isipopanda wala kushuka, utakula karibu miaka sita kabla ya kurudisha ada tu. Na bei hushuka: ilianguka 2008 na 2009, kisha ikateremka tena kuanzia 2014 hadi 2020.

Hivyo njia hii ni ya mwenye kazi imara na mwenye nia ya miaka sita au zaidi. Nyumba ya 2,000,000 inaweza kukupa viza ya dhahabu ya miaka 10, na hapo hesabu hubadilika kwa sababu ukazi wako hautegemei tena mwajiri. Angalia ada ya huduma ya miaka mitatu iliyopita kabla ya kuangalia rangi ya ukuta.

4. Kununua kwenye ramani

Maonyesho ya nyumba za Dubai huletwa hadi hoteli za Nairobi, na asilimia 10 ya kuanzia huonekana ndogo. Kwa mtu anayehamia, nyumba isiyojengwa hailaliki: utalipa awamu na kodi kwa pamoja, na makabidhiano huchelewa. Benki hukopesha nusu tu. Ukishindwa awamu, sheria inamruhusu mjenzi, kwa kupitia Idara ya Ardhi, kubaki na hadi asilimia 40 ya thamani ya nyumba kutegemea ujenzi umefika wapi. Ukishikilia lazima, tafuta mradi kwenye Dubai REST, soma asilimia ya ujenzi, na pesa iende kwenye akaunti ya amana (escrow) ya mradi huo pekee.