Kuchora kanga: studio ya chuo au mkekani nyumbani?

Kanga ina pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maandishi yake), na urefu wake ni kama mita moja na nusu. Hapo ndipo studio ya chuo inapoishinda nyumba: meza ndefu, fremu za kuchapia, beseni la kuoshea rangi. Kwetu Ng'ambo, mjini Zanzibar, mie hutandika mkeka, nikakunja kitambaa mara mbili, na mwishowe pindo la kulia halikutani na la kushoto.

Lakini studio ni ya wote. Ukifika saa nne asubuhi meza zimejaa. Mtu akiacha fremu bila kuiosha, rangi hukaukia kwenye matundu ya wavu wake na mwenziwe anaikuta imeziba. Yalinikuta, nikanuna hadi magharibi. Kinachonirudisha ni macho ya wenzangu: mmoja akipita akisema "jina lako refu, halisomeki", ameniokolea kitambaa.

Nyumbani kuna utulivu wa usiku, basi. Ama unyevu wa masika, huo hukunja karatasi za michoro nyumbani na studio sawasawa.

Kwa hiyo jina na michoro midogo naanzia mkekani. Vipimo na uchapaji ni studio, tena mapema, kabla meza hazijapata wenyewe.