Kishikio cha mkono cha kupimiwa: uzoefu wangu

Nianze na hukumu juu ya kishikio hiki, kifaa cha kuvaa kiganjani kinachonishikia kijiko, mswaki au kalamu, kilichotengenezwa kwa ajili ya mkono wangu: kinafaa, nakivaa kila siku, na ningekiagiza tena. Malalamiko ninayo pia, yako huko chini.

Niliumia uti wa mgongo shingoni, pingili ya C6, yaani ya sita kutoka juu. Vidole vyangu havifungi nikivitaka vifunge, lakini kifundo cha mkono bado nakiinua. Nikikiinua, kano hujivuta zenyewe, vidole vinajikunja na gumba linagusa ubavu wa kidole cha shahada. Si mshiko wa kubebea ndoo, ila ufunguo au karatasi hunasa. Kwetu sisi wa C6, hiyo ni mali.

Kifaa cha dukani nilichokuwa nacho awali kilikikaza kifundo kisipinde hata kidogo. Kijiko kilitulia, sawa, lakini mshiko wangu wote ukafa. Kugeuza ukurasa tu, mpaka mtu aje kunivua! Kikaishia kwenye droo. Wala si mimi peke yangu: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993, uliohusu watu wazima 227 wenye ulemavu, ulikuta asilimia 29 hivi ya vifaa vyao saidizi vimeachwa kabisa, na mojawapo ya sababu ilikuwa maoni ya mtumiaji kutozingatiwa wakati wa kuchagua kifaa.

Safari hii mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayemsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, alikuja na mbunifu, na hawakukimbilia kupima. Waliniomba nile, nipige mswaki, niandike, wao wanatazama. Mbunifu alipoona vidole vinavyojikunja nikiinua kifundo, akasema kifundo kiachwe huru. Kwangu kazi ilifaulu hapo, kabla printa ya 3D, ile inayojenga kitu tabaka kwa tabaka, haijawashwa.

Kilichotoka ni ukanda mwembamba unaozunguka kiganja, wenye tundu la kuchomeka kijiko, mswaki au kalamu. Tundu limeinamishwa kuelekea mdomoni ili nisilazimike kuinua kiwiko juu sana, maana bega ndilo linalotangulia kuchoka. Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kidogo mno: ncha ya velkro ina kitanzi kipana ambacho gumba la mkono wa pili linapita. Navaa na kuvua mwenyewe. Anayebuni kifaa cha mtu asiyeweza kubana vidole, kisha akaweka kifungo cha kubana kwa vidole, sijui alikuwa anamfikiria nani.

Sasa kasoro. Tundu la kwanza lilipasuka kwa kufuata tabaka za plastiki, kwani vitu vilivyochapwa hivi huwa dhaifu pale tabaka moja linaposhikana na jingine. Wakabadilisha mlalo wa kuchapa, likakaa. Plastiki yenyewe ni PLA, ambayo huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa hiyo maji ya moto sana ni marufuku, na kukiacha ndani ya gari juani ni kukipoteza. Velkro hukusanya nyuzi za nguo na kuchoka mapema.

Kubwa zaidi ni ngozi. Upande wa kidole kidogo sihisi vizuri, na ukingo wa kwanza uliniachia alama nyekundu nisijue. Waliukwangua na kuuwekea sponji bila kinyongo, lakini walipaswa kunionya tangu mwanzo: vua, angalia, na wekundu usipoisha baada ya nusu saa hivi, usikivae tena mpaka kirekebishwe. Nami niliomba faili la mchoro ili kikivunjika nikichapishe popote. Walisitasita kidogo, wakanipa.

Kama jeraha lako ni la C5 na kifundo hakiinuki, usiagize hiki. Wewe utahitaji kile kinachokaza kifundo, cha aina ileile iliyonishinda mimi, ila nacho kipimwe mkononi mwako.