Nokian Hakkapeliitta R5 SUV kwenye F-150 Lightning: nilivyochagua, nilivyofungiwa, na yanavyoshika barafu ya Edmonton

Wadau mlioko Alberta hapa Kanada na kwingine kwenye baridi kali, wengi mnaniuliza hii pikapu ya umeme inatembeaje kwenye theluji, nimeona niandike yote sehemu moja maana majibu ya kwenye simu hayatoshi. Gari haina shida kabisa. Cha kuangalia ni matairi, na hapo ndo watu wengi wanapoteza hela au wanahatarisha familia zao kwa kufikiri gari ikiwa na nguvu na inavuta magurudumu yote manne basi imetosha.

Mimi naendesha Ford F-150 Lightning XLT ya betri kubwa, rimu inchi 18, saizi ya tairi 275/65R18. Nimefunga Nokian Hakkapeliitta R5 SUV, yale yasiyo na misumari (vijichuma vya kung'ata barafu), nikapita nayo baridi nzima hapa Edmonton, mjini, Henday (barabara ya kuzunguka mji), na barabara kuu namba 2 ya kwenda Calgary. Nimeridhika sana na nitayanunua tena, ila kabla ya kufika kwenye tairi lenyewe kuna mambo lazima yaeleweke, maana ukienda dukani huyajui utauziwa chochote.

Hii gari ina uzito wa karibu tani 3. Betri yote ile imelala chini katikati ya chesisi. Halafu mota mbili zinatoa toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 1,050 na inakuja yote papo hapo ukigusa tu pedali, hakuna kusubiri injini ipande. Sasa kuondoka kwenye taa hutapata tabu hata kwa matairi ya kawaida, kompyuta inagawa nguvu vizuri na gari inatoka, ndo hapo mtu anadanganyika. Kuvuta magurudumu manne kunakusaidia kuondoka, kusimama ni kazi ya mpira na barabara basi, na tani 3 zikishaanza kuteleza kushuka Groat Road kuelekea mtoni na chini kuna gari zimesimama, hakuna kompyuta itakayokuokoa.

Matairi yaliyokuja na gari ni ya misimu yote. Mpira wa namna hiyo joto likishuka chini ya nyuzi 7 unaanza kukakamaa, na ikifika hasi 25 unakua kama ndala ya zamani iliyokauka ukitembea nayo kwenye tailizi zenye maji. Tairi la baridi limetengenezwa na mchanganyiko mwingine, lina silika nyingi (madini kama ya mchanga), linabaki laini hata kwenye baridi ya kuumiza masikio, na kashata zake (yale mafungu ya mpira yanayokanyaga barabara) zina mikato midogo midogo mingi sana ambayo inafunguka na kung'ata barafu. Kwahiyo hata siku ambayo barabara ni kavu haina theluji, ikiwa hasi 20 bado tairi la baridi linakusimamisha mapema kuliko lile la misimu yote. Watu wengi hawaamini hili mpaka wajaribu kufunga breki kwenye maegesho matupu.

Kitu cha kwanza unapochagua, angalia ubavuni kama kuna alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Hiyo inamaanisha tairi limepimwa kwenye theluji na likafaulu. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake hazitoshi, hizo kiwanda kinaweka kutokana na umbo la kashata tu. Quebec wao ni sheria kabisa, kuanzia Desemba 1 mpaka Machi 15 lazima uwe na matairi ya baridi. Sisi Alberta hatulazimishwi, lakini ukivuka kwenda British Columbia kupitia Jasper, njia nyingi za milimani kuanzia Oktoba 1 wanataka matairi ya M+S au yenye chembe ya theluji na kina cha kashata kisiwe chini ya milimita 3.5, kwahiyo wanaokwenda Kelowna au Vancouver kusalimia ndugu mjue hilo.

Kitu cha pili, na kwa gari ya umeme mimi naona ndo kikubwa kuliko vyote, ni namba ya uzito. Baada ya saizi utakuta namba kama 112T au 116R, ile herufi ya mwisho ni ya kasi. Ile 116 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,250, na 112 ni kilo 1,120. Lightning yangu imetoka kiwandani na 116. Duka la kwanza nililokwenda, kubwa tu na lina matangazo mengi, kijana wa kaunta aliangalia saizi peke yake akaniletea bei nzuri sana ya matairi ya 112, nikamuuliza mbona namba iko chini akasema haina neno yataingia. Kuingia yataingia ndio! Lakini gari ina tani 3 kabla sijapanda mimi na familia, kabla sijaweka mzigo nyuma, na kila nikikata kona au kufunga breki uzito unahamia upande mmoja. Tairi lililozidiwa linapata joto, linachakaa vibaya na gari inayumba, na ikitokea ajali bima nao watauliza. Niliondoka. Tafadhali fungua mlango wa dereva, kuna stika pale, soma saizi, namba ya uzito na presha, piga picha uende nayo, na usikubali mtu akupe namba ndogo kuliko hiyo.

Kuna wengine watakuambia basi chukua yale ya LT, ya malori madogo, yanabeba mzigo mkubwa zaidi. Ni kweli yanabeba, na kama kazi yako ni kuvuta trela au unabeba vifaa vya ujenzi kila siku hapo sawa, Nokian wenyewe wana Hakkapeliitta LT3. Ila mpira wake ni mnene, ni mazito, yanarusha kwenye mashimo na yanakula chaji zaidi. Kwa mtu wa kazini, dukani, kanisani, na safari ya Calgary mara moja moja, tairi la aina ya SUV lenye namba 116 linatosha kabisa. Na chaji kwenye baridi ni jambo la kulihesabu. Wanaokumbuka Januari 2024 joto liliposhuka mpaka kupita hasi 40, jioni ya tarehe 13 simu za Alberta nzima zikalia ujumbe wa dharura kwamba umeme unaelemewa tupunguze matumizi, siku kama hizo mwenye gari ya umeme anataka kila kilomita aliyonayo kwenye betri.

Mbona Nokian? Nililinganisha na Michelin X-Ice Snow SUV na Bridgestone Blizzak DM-V2, na kwakweli yote matatu ni mazuri, mtu akichukua lolote lenye namba sahihi simlaumu. Kilichonivuta ni vitu viwili. Moja, ubavu wa hili la SUV umeimarishwa kwa nyuzi za aramidi, zile ngumu sana, na mnajua mashimo ya Edmonton mwezi wa tatu na wa nne barafu ikianza kuyeyuka, gari nzito ikidumbukia humo kinachochanika ni ubavu. Pili, kwenye kashata wameandika namba zinazoonyesha milimita zilizobaki, zinafutika moja moja tairi likichakaa, na kuna chembe ya theluji imechorwa pale ambayo ikifikia milimita 4 inapotea, ujue hilo tairi kwa theluji limeshaisha. Huhitaji kipimo, mke wangu anaangalia mwenyewe. Halafu hawa Wafini wa Nokian biashara hii wanaijua, wao ndo walitengeneza tairi la kwanza la baridi duniani mwaka 1934, na lilikua la malori.

Misumari niliifikiria sana. Alberta inaruhusiwa, tofauti na Ontario ya kusini. Kwa anayeishi shambani au njia zake ni barafu tupu kila siku, misumari inashika kuliko kitu chochote. Ila mjini barabara zinapigwa mchanga na kukwanguliwa, muda mwingi unakanyaga lami, na kwenye gari ya umeme isiyo na kelele ya injini ile sauti ya misumari unaisikia mwanzo mwisho. Nikaacha.

Sasa kufunga. Duka la pili ni gereji ndogo upande wa kusini, fundi ni ndugu yetu wa Bukavu, na huyu ndo amenifanya niandike haya yote kwa moyo. Kabla hajagusa kitu alizunguka gari akainama akaangalia chini, akaniambia, "Kaka, hii motokari iko nzito sana, na betri iko hapa chini, jeki tunaweka pa chesisi tu, hapana pengine." Nilifurahi jamani, maana huko kwingine nimeona fundi anasukuma jeki ya magurudumu popote chini ya gari. Ukiibonyeza kasha ya betri ya hii gari hela yake hutaki kuisikia. Muulize fundi wako mapema ananyanyua wapi, na lifti yake inabeba tani ngapi, akibabaika nenda kwingine.

Nati alizianza kwa mkono, mashine ya upepo akatumia kuzisogeza tu, za mwisho akakaza kwa spana ya kupimia toki kwa mtindo wa nyota. Ford wanataka Nm 204, ambazo kwa wanaotumia futi na pauni ni 150. Ikizidi sana boluti inavutika, ikipungua gurudumu linalegea. Akaniambia nirudi nikishatembea kidogo akaze tena, na hata kitabu cha gari kinasema hivo, ndani ya kilomita 160. Nilirudi, hakunitoza kitu. Matairi haya yana mshale wa mwelekeo, alihakikisha yote yanaangalia mbele, na balansi alipima kila moja mbele yangu.

Nilinunua na rimu za chuma za pembeni, nikaweka na sensa za presha. Kanada sensa si lazima kisheria, unaweza kuokoa hela ukaziacha, lakini taa itakaa inawaka kwenye dashi baridi nzima na hutajua tairi linapungua upepo, na hili ni muhimu huku kwasababu presha inashuka kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua. Piga hesabu, umejaza ndani ya gereji yenye nyuzi 15, ukatoka nje hasi 30, psi 8 zimepotea bila pancha. Mwambie fundi alijue hilo wakati wa kujaza, na wewe pima asubuhi gari ikiwa imelala nje.

Barabarani. Kwenye theluji mpya gari inaenda ilipoelekezwa, usukani hauteleziteleza, na kupanda kilima cha Connors hata kama wengine wamekwama pembeni yenyewe inapanda taratibu. Kwenye barafu nyeusi ya njia panda, ile iliyosuguliwa na matairi ya watu mpaka inang'aa, breki inashika na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki) inaingia kidogo tu, tofauti na ile miezi ya kwanza ya matairi ya kiwandani ambapo ABS ilikua inagonga kila taa nyekundu. Muungurumo upo kiasi ukifika kilomita 110 kwa saa, hauzidi wa yale ya mwanzo kwa sikio langu.

Jambo moja linalohusu umeme wenyewe: ukiachia pedali gari inajifunga kwa mota ili irudishe umeme kwenye betri. Kwenye lami ni raha. Kwenye barafu ile nguvu inaweza kuvuta magurudumu ghafla kabla hujagusa breki, na asubuhi betri ikiwa ya baridi inapokea umeme kidogo kwahiyo gari haijifungi kama ulivyozoea, mguu wako unadanganyika. Mimi siku za barafu nazima ule mfumo wa pedali moja kwenye skrini, naendesha kama gari ya kawaida, na nawasihi mfanye hivo hasa kama mnampa mtoto aliyepata leseni juzi.

Umbali: Marekani wanaiandikia hii ya betri kubwa kama kilomita 515. Kwenye hasi 30 mimi safari naipangia nusu ya hapo, sehemu kubwa inaliwa na hita na betri kujipasha moto, matairi yanachukua kidogo tu juu yake. Ichomeke nyumbani, ipashe moto ikiwa bado kwenye chaja, utaona tofauti.

Bei: matairi manne kama dola 1,700 za Kanada, ongeza rimu, sensa na kazi ya fundi. Si hela ndogo. Ila kumbuka yale ya misimu yote yanapumzika muda huo wote, kwahiyo seti zote mbili zinadumu zaidi. Na usinunue mawili ukafunga mbele tu, nyuma itakupita kwenye kona.

Kufunga weka miadi Septemba, theluji ya kwanza ikidondoka gereji zote zina foleni ya wiki kadhaa. Kuyatoa ni pale joto likikaa juu ya nyuzi 7 mfululizo, kwa hapa inaangukia Aprili hivi, ukichelewesha mpaka Juni mpira laini unaisha haraka kwenye lami ya moto. Gereji yangu inayahifadhi kwa malipo kidogo, ila ukiwa na nafasi yaandike kwa chaki mbele kushoto, nyuma kulia, yalaze mahali pakavu pasipo na jua, msimu ukifika fundi ayabadilishe mbele na nyuma upande uleule.